Mjini Muscat, sentimita 10 ni ukuta

Kwa mwenye kutembea, ukingo wa njia wenye kimo cha sentimita 10 ni hatua moja tu. Kwetu sisi tunaotumia viti vya magurudumu mjini Muscat, ni ukuta.

Jioni, jua likipunguza makali, hupenda kwenda kwenye njia ya pwani ya Mutrah. Ni tambarare na ina upepo wa bahari. Lakini tukiingia sokoni, vichochoro ni vyembamba na vingine vinapanda; hapo tunahitaji mkono wa mtu. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na ringi za magurudumu huunguza viganja.

Mwaka 2009 Oman iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inadai majengo, barabara na usafiri viweze kutumiwa na wote. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Mohammed Al Mashaykhi aliiletea Oman medali ya shaba katika kurusha tufe, mchezo ambao watu wa daraja lake hurusha wakiwa wameketi.

Tulifurahi sana. Hata hivyo, kabla ya uwanja kuna mlango wa nyumba, barabara na gari.

Ndugu msomaji, ukijenga nyumba, iwe Muscat au Unguja, weka mteremko mlangoni. Mgeni wako ataingia kama wageni wengine, bila ya kubebwa.