Fahamu: Gogo linalofuatiliwa kwa miaka 200

Agosti 2023, moto uliowashwa na radi uliingia katika msitu wa utafiti wa H.J. Andrews, jimboni Oregon, Marekani, ukapita kwenye takriban asilimia 70 ya hekta zake 6,400. Baadhi ya miti ya pale ina umri wa karibu miaka 500.

Msitu huo ulitengwa kwa utafiti mwaka 1948. Kazi yenyewe ni ya subira: mti hupewa namba, shina hupimwa unene, kisha baada ya miaka kadhaa watu huurudia mti uleule. Mwaka 1962, kabla ya miti ya bonde moja kukatwa, watafiti waliweka alama kwenye viwanja vidogo na kuorodhesha mimea yake. Bado wanavirudia.

Jaribio ninalolistahi zaidi lilianza mwaka 1985. Mwanaikolojia Mark Harmon na wenzake walilaza msituni magogo zaidi ya 500, ya aina nne za miti, ili kufuatilia yanavyooza kwa miaka 200. Hakuna hata mmoja wao atakayeuona mwisho wake. Na gogo si taka: hutunza maji, hulisha kuvu na wadudu, na miche huota mgongoni mwake.

Sasa swali ni mimea ipi itarudi kwanza kwenye majivu, na ipi itakawia. Kumbukumbu za kabla ya moto zipo, shina kwa shina, na watafiti wameshaanza kupima upya.