Je, Wajua? Winga wa Burao Aliyeizunguka Ulaya

Je, wajua kwamba Liban Abdi, winga aliyezaliwa mjini Burao, Somaliland, mwaka 1988, alisakata kabumbu ya kulipwa katika kona nyingi za Ulaya? Familia yake ilihamia Norway. Baadaye akaingia Sheffield United ya Uingereza. Wamiliki wa klabu hiyo waliinunua Ferencváros ya Budapest, Hungaria, mwaka 2008; Liban akahamia huko, na ndiko nyota yake ilikong'aa. Baadaye akachezea Olhanense ya Ureno, Rizespor ya Uturuki, Levski Sofia ya Bulgaria, kisha Haugesund ya Norway.

Hapa Kutulo, kaskazini mashariki mwa Kenya, njiani baina ya Wajir na Elwak, jina la Kisomali Liban si geni hata kidogo, na mawinga hukokota mpira kwenye mchanga unaomeza vifundo vya miguu.