Eliya Alikula Kwanza

Mapango ya Mlima Elgon upande wa Endebess, kama Kitum na Makingeny, watalii huyajua kwa tembo wanaoingia usiku kutafuta chumvi. Wenyeji wanayo historia nyingine. Joseph Thomson alipofika Elgon mwaka 1883, alikuta familia zikiishi mapangoni pamoja na mifugo. Kwa vizazi vingi Wasabaot walikimbilia humo wavamizi walipotokea.

Kujificha, basi, si aibu. Aliyekimbia panga hahitaji mahubiri juu ya imani haba, ingawa ndiyo anayopewa mara nyingi. Tatizo huanza hatari ikishapita. Hofu hukaa mwilini: moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi hupotea. Tukijificha tunapata nafuu papo hapo, na mwili hauisahau nafuu hiyo. Kesho tunajificha mapema zaidi, kwa jambo dogo zaidi, hata kikao cha ukoo au ibada ambayo fulani naye atahudhuria.

Nabii Eliya anatufaa hapa kuliko mashujaa wote wa Biblia. Ametoka kushinda kule Karmeli, lakini kitisho kimoja cha Yezebeli kinamkimbiza hadi jangwani, anakoomba afe. Malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Baadaye, pangoni Horebu, Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake. Upepo unavuma, ardhi inatetemeka, moto unapita, sauti ndogo inasikika. Anaulizwa tena, naye anajibu yale yale, neno kwa neno! Wahubiri wengi huruka hapo. Hofu haijamtoka, na bado anapewa kazi. Tena anaambiwa wapo 7,000 wasiomsujudia Baali, na Elisha atakuwa naye.

Subira ya namna hii iliwahi kuhitajika sana huku kwetu Mlima Elgon. Mgogoro wa ardhi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF, na Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni ya Okoa Maisha. Raia walibanwa na pande zote mbili. Wengi walikimbilia Trans Nzoia na sehemu nyingine za Bungoma, na wengi waliorejea makwao hawakuaminiana tena na majirani. Watu wa Kanisa la Friends walileta semina za siku tatu za kuponya majeraha ya moyo, ziitwazo HROC, mbinu iliyoanzia Rwanda na Burundi. Watu wa pande zilizohasimiana waliketi pamoja, wakasimulia waliyopoteza, wakachora mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, mizizi na matunda yake. Kwangu mimi hiyo ni teolojia nzuri kuliko kelele za vipaza sauti, kwa sababu inaanza na kumsikiliza mtu.

Lakini imani haituahidi usalama. Agosti 1990, Waziri Peter Okondo alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye dayosisi yake ya Kianglikana ilifika hadi Kitale wakati huo, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda tarehe 14, akafa siku hiyo hiyo akirudi, gari lake lilipogongana na lori. Okondo alijiuzulu. Anayefundisha kwamba mwenye imani hapatwi na baya atueleze basi habari za Muge.

Kwa hiyo, ukiwa na jirani aliyejifungia ndani, usianze na mstari wa Biblia. Mpelekee chakula, muulize, halafu mngoje ajibu, hata akirudia malalamiko yale yale. Jumuiya ndogo ndogo zina faida moja kubwa, kwamba sala humfuata mtu nyumbani kwake. Wiki hii jumuiya yenu ikutane kwake, naye asilazimishwe kutoa ushuhuda. Aombwe tu atoe benchi nje na kubandika maji ya chai.