Baiskeli nyepesi Kilwa: Anza na tyubu, ringi ije baadaye

KILWA. BOTI zikishaingia Kilwa Kivinje asubuhi, kinachofuata ni mwendo wa baiskeli. Tenga la samaki nyuma, mtu juu ya tandiko, na safari ya kuelekea Nangurukuru inaanza kabla jua halijakaza. Jioni baiskeli hiyohiyo inavuliwa tenga, inafutwa magamba, na kijana anaingia nayo barabarani kupimana ubavu na wenzake.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Pumzi ipo, miguu ipo, lakini baiskeli "inavuta". Mwenzake akichomoka, yeye anahitaji pedeli tano kupata mwendo ambao mwingine anaupata kwa tatu. Anaambiwa anunue baiskeli nyingine. Hela hiyo hana, na hata angekuwa nayo, nyumbani kuna matumizi yanayoisubiri.

Habari njema ni kwamba kwenye baiskeli nyingi za gia za mtumba, zile zinazoitwa baiskeli za milima, sehemu kubwa ya uzito unaoweza kupunguzwa kwa bei ndogo iko kwenye magurudumu. Habari mbaya ni kwamba wengi huanza na kitu cha gharama, wakaacha cha bure.

Kwa nini gurudumu?

Gramu iliyoko kwenye fremu inafanya safari moja tu, inakwenda mbele pamoja na baiskeli. Gramu iliyoko kwenye tairi inakwenda mbele na wakati huohuo inazunguka. Ndiyo maana unapochomoka, uzito wa pembeni mwa gurudumu, yaani tairi, tyubu na ringi, unadai nguvu karibu mara mbili ya uzito uleule ukiwa kwenye fremu.

Lakini tusidanganyane. Hiyo ni wakati wa kuongeza mwendo. Ukishafika kwenye mwendo wako kwenye lami tambarare, faida inakuwa ndogo mno. Na kwenye kupanda, mfano vilima vilivyo nyuma ya mji wa Lindi au njia za kwenda uwanda wa juu wa Rondo, gramu ni gramu tu, iwe kwenye tairi au mfukoni.

Chukua mfano wa mpanda baiskeli wa kilo 60 mwenye baiskeli ya kilo 15. Jumla ni kilo 75. Akipunguza kilo 1.3 kwenye magurudumu yote mawili, mlima wa dakika 20 atauokoa kwa sekunde 20 hivi. Anapochomoka, ni kama ametua kilo 2.6. Kwa mbio zinazoamuliwa kwenye kona na mchanga, ambako mtu anapunguza na kuongeza mwendo kila mara, hiyo ni faida ya kuonekana. Kwa mwenye tenga la kilo 50 nyuma, haimsaidii kitu.

Pima kwanza

Kabla ya kutoa shilingi, pima. Mizani ya kidijitali ya duka la sukari na mchele inatosha. Vua tairi, vua tyubu, weka kimoja kimoja, andika.

Kwa baiskeli ya inchi 26, tairi la kawaida lenye waya pembeni huwa na gramu 700 hadi 900. Tyubu ya kawaida ni kama gramu 200. Spoku 36 zinakaribia gramu 250. Ringi ya aluminiamu huwa gramu 450 hadi 600, na ya chuma inaweza kuizidi kwa gramu 300 au zaidi. Mwenye namba hizi mkononi hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya kwanza haina gharama

Mafundi wengi wa baiskeli huchana tyubu kuukuu na kuitandika ndani ya tairi ili miiba isifike kwenye tyubu nzima. Wengine hutandika hadi kipande cha tairi la zamani. Kwa baiskeli ya kazi ni busara, maana mbigili na miiba ya migunga haina huruma, na njia za pwani zina mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe.

Ila hilo tandiko ni karibu gramu 200 kila gurudumu, tena mahali pabaya kuliko pote, pembeni kabisa. Siku ya mbio litoe. Siku ya kazi lirudishe.

Kitu kingine ni ile sahani ya plastiki nyuma ya gia za gurudumu la nyuma. Itoe pale tu gia zimerekebishwa vizuri, kwani kazi yake ni kuzuia mnyororo usiangukie kwenye spoku. Viakisi mwanga, vile vinavyong'aa taa ikivimulika, viache kwenye baiskeli inayotembea usiku. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ina malori, na dereva wa lori hajali umepunguza gramu ngapi.

Hatua ya pili ni tyubu

Hapa ndipo shilingi inafanya kazi kuliko popote. Bei ya tyubu ni sehemu ndogo sana ya bei ya tairi, wala huhitaji ya ajabu. Tairi la upana wa inchi 2.1 linaweza kutiwa tyubu ya size ndogo kidogo, ile iliyoandikwa 1.5 hadi 1.75. Ukiijaza upepo inatanuka na kukaa sawa, na umeokoa gramu 50 au zaidi kila upande.

Gharama yake ipo. Mpira ukitanuka unakuwa mwembamba, hivyo upepo hupungua haraka na mwiba hupenya kirahisi. Ni tyubu ya mbio. Ya kazi ibaki ileile nene, ikae kwenye mfuko pamoja na pampu.

Zipo pia tyubu za plastiki laini ya TPU, nyingi zikiwa na uzito chini ya gramu 100. Ni nyepesi kweli, lakini zinataka kiraka chake maalumu. Solusheni ya fundi wa kijiweni haishiki. Tena nyingi hazipendi joto linalotokana na breki zinazobana ringi kwenye mteremko mrefu. Kwa baiskeli ya breki za diski, sawa. Kwa nyingine, fikiri mara mbili.

Mchanga una neno lake

Hatua ya tatu ni tairi, na hapa wengi ndipo wanapopotea. Kijana anasikia "wepesi", anakwenda kununua tairi jembamba kama la baiskeli ya lami. Kwenye lami ya kutoka Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko anafurahi. Akiingia njia ya mchanga kati ya minazi, gurudumu la mbele linazama, usukani unakataa, anashuka anasukuma. Mwenye tairi zito lakini pana anampita akiwa juu ya tandiko.

Kwenye mchanga upana ndio unaombeba mtu. Usishuke chini ya inchi 2, na punguza upepo kidogo ili tairi litanuke na kukanyaga eneo kubwa. Usiupunguze mno, kwani ringi ikigonga jiwe itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kama meno ya nyoka.

Subiri tairi la zamani lichakae ndipo ununue, na ukinunua tafuta lile la kukunjika, ambalo pembeni lina nyuzi ngumu badala ya waya. Kwa upana uleule linaweza kuwa jepesi kwa gramu 100. Kama hela inatosha la moja tu, kashata nzuri iende mbele, kwani gurudumu la mbele likiteleza mtu anakwenda chini. La nyuma likiteleza, mara nyingi anajiwahi.

Ringi kwa sumaku

Ringi ni ya mwisho kwa sababu inataka hela na inataka fundi. Lakini kama baiskeli yako ina ringi za chuma, hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Kuijua ni rahisi. Chukua sumaku ya spika mbovu, iguse ringi. Ikinasa, ni chuma.

Ukihamia aluminiamu, unapata zaidi ya wepesi. Breki za mpira hushika ringi ya aluminiamu vizuri zaidi kuliko ya chuma mvua inaponyesha, na wakati wa masika hilo ni suala la uhai. Hewa ya chumvi nayo inaila ringi ya chuma mapema.

Ringi ya mtumba ikaguliwe. Pitisha kidole pale breki zinapobana. Kama pamekula na kuwa kama bakuli, iache. Angalia matundu ya spoku, ukiona ufa, iache. Fundi apime urefu wa spoku kabla ya kufunga, maana ringi mbili za inchi 26 zinaweza kutaka spoku tofauti.

Mambo mawili usiyafanye hata ukilipwa: kupunguza idadi ya spoku na kutoboa ringi matundu ili "ipumue". Gurudumu likikunja ukiwa kwenye mteremko, meno hayana spea.

Walioanza na kidogo

Ukanda huu una mifano. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alijifunza mchezo akiwa kijana na baiskeli ya milima, akifuatana na David Kinjah na kundi la Safari Simbaz kule Kikuyu, Kenya. Kwa Kinjah, kijana hujifunza kupiga pedeli na kutengeneza baiskeli kwa pamoja.

Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London 2012 kwenye mbio za baiskeli za milima na kumaliza wa 39. Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Nchini, mbio za baiskeli zimezoeleka zaidi Kanda ya Ziwa. Kusini, baiskeli bado inaonekana ni chombo cha mzigo, ingawa miguu inayobeba mzigo huo kila siku si miguu ya mchezo.

Spea inayopatikana ndiyo nyepesi

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, barabara kuu ilikatika eneo la Somanga. Mabasi na malori yakakwama, mizigo kutoka Dar es Salaam ikasimama. Wakati kama huo, mwenye tyubu ya kuagiza inayotaka kiraka cha kuagiza anapata pancha moja tu na biashara imekwisha. Mwenye tyubu inayouzwa duka la jirani anaziba, anaondoka.

Kwa hiyo hesabu ya Kilwa haiishii kwenye mizani. Kabla ya kununua kitu chepesi, uliza maswali matatu: kikitoboka nani ataziba? Kikipasuka nitakipata wapi? Kesho asubuhi kitabeba tenga?

Kama majibu yapo, nunua. Kama hayapo, toa lile tandiko la ndani, tia tyubu ya size ndogo, pima upepo vizuri, ingia barabarani. Hapo umeshatua karibu nusu kilo kwenye magurudumu mawili kwa bei ya tyubu mbili. Ukimaliza mbio, rudisha tyubu nene na tandiko lake, maana alfajiri boti zinaingia na samaki hawasubiri mtu azibe pancha.