Dakika Tatu za Kunadi Wazo

Kunadi wazo, au "kupichi" kama wasemavyo vijana wa mjini, ni kueleza biashara kwa muda mfupi mbele ya wenye fedha ili wanunue hisa katika kampuni changa. Kwenye mashindano muda huwa dakika 3. Ofisini kwa mwekezaji hufika hata 20. Msemaji husimama na slaidi kama kumi ukutani: tatizo, suluhisho, ukubwa wa soko, washindani, watu alio nao, na mwishoni kiasi anachoomba. Mwaka 2005 Guy Kawasaki, mwekezaji wa California aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Apple, alitangaza kanuni yake ya slaidi 10, dakika 20 na herufi zisizopungua ukubwa wa 30, na mpaka leo wakufunzi wengi huirudia karibu kama alivyoitoa. Kufupisha maneno si kosa. Mfanyabiashara asiyeweza kusema anauza nini na anamuuzia nani huenda hajui. Kasoro ya mtindo huu ni kwamba ulitungwa kwa ajili ya msikilizaji wa aina moja, mwenye hesabu zake, na msamiati wake umezifuata hesabu hizo kuliko unavyomfuata mteja.

Chimbuko lake liko Boston. Mwaka 1946 Georges Doriot, mwalimu wa Harvard na jenerali wa jeshi, alishiriki kuanzisha American Research and Development Corporation, moja ya kampuni za kwanza kukusanya fedha ili kununua hisa katika biashara ambazo hazijawa na historia yoyote. Mwaka 1957 wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, walikwenda kuomba mtaji wa kutengeneza kompyuta. Olsen alisimulia baadaye kwamba kabla ya kuingia kikaoni walionywa mambo matatu. Wasitaje neno "kompyuta", maana jarida la Fortune lilikuwa limeandika kwamba hakuna anayepata faida humo. Wasiahidi faida ya asilimia 5, kwani ni ndogo mno. Na waahidi faida ya haraka, kwa sababu wajumbe wengi wa bodi walikuwa wamevuka miaka 80. Walitii, wakapewa dola 70,000, na kampuni yao, Digital Equipment Corporation, ikaja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kompyuta duniani. Kisa hiki hupendwa kwa sababu kinaishia kwenye ushindi. Hata hivyo kinaonyesha jambo lililodumu mpaka leo: maneno yaliyoingia kikaoni yalipimwa kwa hofu na umri wa wasikilizaji, na bidhaa yenyewe ikaachwa nje ya mlango.

Ili kuelewa kwa nini kila anayenadi huahidi makubwa, ni lazima kuziangalia hesabu za upande wa pili wa meza. Utafiti wa Correlation Ventures, uliopitia uwekezaji zaidi ya 21,000 uliofanyika Marekani kati ya 2004 na 2013, ulikuta kwamba karibu asilimia 65 ya uwekezaji huo ulirudisha fedha pungufu ya zilizotolewa, na kama asilimia 4 tu ulirudisha mara kumi au zaidi. Huo mchache ndio unaofidia hasara ya mwingine wote. Tuseme mfuko wa uwekezaji una dola milioni 50 na unamiliki asilimia 10 ya kampuni fulani. Kampuni hiyo ikiuzwa kwa dola milioni 10, ambazo kwa mwenye nayo ni utajiri wa maisha, mfuko unapata milioni 1. Ili ule mtaji wote wa mfuko urudi kwa mauzo hayo peke yake, kampuni inapaswa kuuzwa kwa milioni 500. Kwa hiyo kiwanda cha kusindika maziwa kinachopata faida kila mwaka na kuajiri watu 60 hakimfai mwekezaji wa namna hii, hata kiwe kizuri namna gani. Mwenye kiwanda akitaka kusikilizwa, hulazimika kukieleza kama kitu kingine.

Hapo ndipo msamiati unapozaliwa. Mwaka 2013 mwekezaji Aileen Lee aliziita "yunikoni" kampuni changa zenye thamani ya dola bilioni 1 na kuendelea; wakati huo alihesabu 39 za Marekani, akachagua jina la mnyama wa hadithi kwa vile zilikuwa nadra. Neno "thamani" lenyewe huwapoteza wasomaji wengi wa magazeti. Mwekezaji akitoa dola 200,000 na kupata asilimia 10 ya hisa, kampuni hutangazwa kuwa na thamani ya dola milioni 2. Hizo milioni 2 hazijalipwa na mtu, wala haziko benki. Ni hesabu ya kuzidisha bei ya kipande kidogo kilichouzwa, na mara nyingi kipande hicho huja na masharti ambayo hisa za mwanzilishi hazina, likiwemo la mwekezaji kurudishiwa fedha zake kwanza kampuni ikiuzwa. Tena anayeuza asilimia 20 ya hisa kwa awamu tatu hubaki na asilimia 51 tu ya alichoanza nacho, na habari za magazetini kwa kawaida hutaja fedha zilizoingia bila kutaja kilichotoka.

Slaidi ya ukubwa wa soko ndiyo inayostahili shaka kuliko zote. Njia inayotumiwa sana ni kuchukua idadi ya watu na kuzidisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Kila mmoja akilipa shilingi 1,000 kwa mwezi, soko linakuwa shilingi bilioni 740 kwa mwaka. Kisha msemaji husema kwa unyenyekevu kwamba yeye anataka asilimia 1 tu, yaani bilioni 7.4. Lakini zaidi ya watu wanne katika kila kumi miongoni mwa waliohesabiwa wana umri wa chini ya miaka 15. Wengine wako mbali na barabara na mtandao, na wengine hawana shida na bidhaa hiyo kabisa. Ile asilimia 1 inaonekana ndogo kwa sababu imekatwa kutoka kwenye namba isiyokuwapo. Hesabu ya kweli huanzia chini: ni maduka mangapi yamefikiwa wiki hii, mangapi yalinunua, na mangapi yalirudi kununua tena.

"Kuskeli" ni neno jingine. Kwa mwekezaji lina maana mahususi: mauzo yapande haraka huku gharama zikipanda taratibu. Programu ya kompyuta inaweza kufanya hivyo, kwani kunakili nakala ya milioni kunagharimu karibu sawa na bure. Chakula, mbolea na bodaboda haviendi hivyo. Chukua mfano wa kubuni wa kampuni inayopeleka chakula kwa shilingi 300 za Kenya: viungo 150, usafiri 120, vifungashio 20, punguzo la kuvutia wateja wapya 60. Kila sahani inaleta hasara ya shilingi 50, na mwezi ambao mauzo yameongezeka mara kumi hasara nayo huongezeka mara kumi. Kwenye slaidi, grafu ya wateja inapanda vizuri, na hupewa jina la "trakshoni".

Neno "pivoti", lililoenezwa na Eric Ries katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu kampuni changa, lina historia ya heshima zaidi. Maana yake ni kubadili mwelekeo baada ya kujifunza kutoka kwa wateja. NALA, kampuni iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza na programu ya kurahisisha malipo ya simu Tanzania, kisha ikahamia kwenye kazi ya kutuma fedha kutoka Ulaya na Marekani kuja Afrika Mashariki, na humo ndimo ilimokulia. Huko ni kugeuza jahazi kufuata upepo. Neno hilohilo hutumiwa pia na kampuni iliyokosa wateja na inayohitaji jina la heshima kwa kushindwa kwake, na msikilizaji asipouliza ni nini hasa wateja walisema, hawezi kuzitofautisha kampuni za aina hizi mbili.

Mfano mkubwa kuliko yote wa maneno kushinda hesabu ni WeWork ya New York, iliyoanzishwa mwaka 2010. Kazi yake ilikuwa kukodi majengo kwa mikataba mirefu, kuyapamba, na kuyapangisha kwa vipande kwa muda mfupi. Ni biashara ya kale na inayoeleweka. Lakini ilijinadi kuwa kampuni ya teknolojia, na katika nyaraka ilizowasilisha Agosti 2019 ili hisa zake ziuzwe kwa umma ilitangaza kwamba lengo lake ni kuinua ufahamu wa dunia. Mwaka uliotangulia ilikuwa imebuni kipimo chake cha faida, ambacho kiliacha nje gharama za matangazo, utawala na usanifu. Kwa kipimo cha kawaida, mwaka 2018 ilipata mapato ya takriban dola bilioni 1.8 na hasara ya takriban bilioni 1.9. Januari 2019 thamani yake ilikuwa imepangwa kuwa dola bilioni 47. Watu wa kawaida waliposoma vitabu vyake vya hesabu, mauzo ya hisa yaliahirishwa ndani ya wiki chache; Novemba 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Wawekezaji wenye uzoefu wa miaka mingi walikuwa wamesikiliza maelezo yaleyale na kuyakubali.

Jukwaa hukosea upande wa pili vilevile. Mwaka 2008 waanzilishi wa Airbnb, huduma ya kupangisha nyumba kwa wageni ambayo baadaye ilienea duniani, walitambulishwa kwa wawekezaji saba, wakitafuta dola 150,000. Watano walikataa na wawili hawakujibu. Na kinachoamua si wazo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Akademia ya Sayansi ya Marekani uliwapa watu slaidi zilezile na maneno yaleyale, yakisomwa na sauti ya mwanamume kwa baadhi na ya mwanamke kwa wengine. Asilimia 68 walichagua kuwekeza kwenye biashara iliyosomwa na mwanamume. Hii ni dhuluma ya wazi, na haiwezi kuondolewa kwa kumfundisha binti namna ya kusimama jukwaani.

Afrika Mashariki mtindo huu wa kunadi uliingia kwa kishindo kuanzia 2010, mwaka ambao iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilifunguliwa Nairobi. Mwaka uliofuata kukawa na shindano la Pivot25 kwa ajili ya kampuni za programu za simu za ukanda huu. Mengi ya mashindano ya namna hii hulipiwa na mashirika ya misaada, benki na kampuni za simu, ambazo huhitaji ripoti ya idadi ya washiriki na picha za washindi. Hivyo wapo vijana hodari wanaozunguka kutoka shindano hadi shindano kwa miaka, wakinoa slaidi, ilhali bidhaa imesimama pale ilipokuwa. Fedha zenyewe hufuata njia nyembamba. Ripoti ya Village Capital ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba asilimia 90 ya mtaji uliotangazwa kwa kampuni changa za huduma za fedha za kidijitali Afrika Mashariki katika 2015 na 2016 ulikwenda kwa kampuni zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Anayeelewa soko zaidi mara nyingi ndiye asiyeijua lafudhi ya jukwaa.

Kune Foods, kampuni ya chakula ya Nairobi, iliweka jambo hili hadharani. Juni 2021 ilitangaza kupata dola milioni 1, na mwanzilishi wake, Mfaransa, akaeleza kwamba siku tatu baada ya kufika Kenya aliuliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nafuu, akaambiwa haiwezekani. Wakenya walikasirika mtandaoni. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi Nairobi anakijua kibanda, ambako mama hupakua ugali, sukuma wiki na maharagwe yakiwa moto, kwa wateja anaowaita kwa majina na ambao baadhi hulipa mwisho wa wiki. Maelezo ya mwanzilishi hayakuwa na mama huyo. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, kampuni ilifungwa. Mwanzilishi alisema bei ya dola 3 kwa mlo haikutosha kuendesha kazi, na kwamba awamu ya pili ya mtaji haikupatikana. Mwaka huo riba Marekani ilianza kupanda na wenye fedha wakajivuta. Waliokuwa wakiishi kwa kutegemea awamu inayofuata ndio walioumia kwanza, na pamoja nao wafanyakazi na wasambazaji ambao hawakuwahi kuiona slaidi hata moja.

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya Kenya, ilipita njia tofauti. Ilianza na andiko la mradi, lililopata fedha za mfuko wa serikali ya Uingereza na za Vodafone, na andiko hilo lilihusu urejeshaji wa mikopo midogo. Oktoba 2005 majaribio yalianza Nairobi na Thika kwa wateja mia chache. Watu wakaanza kuitumia kwa mambo yasiyoandikwa popote: kulipana kibiashara, kulaza fedha salama usiku, kumtumia ndugu. Waendeshaji waliangalia, wakayaondoa mambo ya mikopo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wazo la awali lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo iligunduliwa na wateja katika miezi ya majaribio. Hakuna jopo la majaji ambalo lingeigundua kwa dakika tatu.

Biashara nyingi za ukanda huu bado huanza kwa akiba, michango ya ndugu, vikoba, SACCOS na mali kauli. Katika mali kauli, muuzaji wa jumla wa Kariakoo humpa mchuuzi balo la nguo bila fedha mkononi, kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza. Kauli hapa nayo ndiyo dhamana, lakini aliyeipokea anamjua mchuuzi, anajua meza yake ilipo, na baada ya siku chache atajua kama ilikuwa ya kweli. Mzigo wa kwanza huwa mdogo, wa pili hutegemea malipo ya ule wa kwanza. Njia hii haiwezi kujenga kiwanda cha dawa wala mtambo wa satelaiti. Kwa kazi za namna hiyo, zinazohitaji fedha nyingi miaka mingi kabla ya shilingi ya kwanza kurudi, mtaji wa hisa una nafasi yake, na kunadi wazo mbele ya wenye mtaji huo ni hatua ya lazima.