Nakivale hadi Mbarara: Kusubiri ndiko kunakokula faida

SAA kumi na moja alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Nakivale, injini zinanguruma Base Camp. Konda anaita abiria wa Mbarara huku akikaza kamba ya magunia juu ya keria. Kinamama waliojifunga vitenge wamekaa juu ya mizigo yao, vikombe vya chai mkononi, macho kwa dereva.

Dereva haondoki. Anangoja kiti cha mwisho.

Kwa anayetazama ramani, hii ni safari fupi. Kutoka makazi haya ya wakimbizi, yaliyo Wilaya ya Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, hadi Mbarara ni takriban kilomita 60. Mwenye gari lake huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini kwa wale ambao barabara hiyo ndiyo shamba lao na ofisi yao, kilomita hizo ni siku nzima, na mara nyingine na usiku wake.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wanyarwanda walipokewa hapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wa kizazi hicho walirudi kwao mwaka 1994. Baada yao wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na katika soko la Base Camp Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliotembelea Nakivale, Kyangwali na Kampala waliandika kile ambacho wafanyabiashara walikijua siku nyingi: biashara ya mkimbizi haiishii kwenye mipaka ya makazi. Mahindi na maharage yanatoka, vitenge na bidhaa za dukani zinaingia. Kinachobeba vyote hivyo ni teksi, lori na bodaboda.

Tuanze na dereva. Teksi ya kawaida ya Uganda ina leseni ya abiria 14, na mara nyingi si mali ya anayeiendesha. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Mafuta yamekwisha kulipwa, mpigadebe amepewa chake, konda naye anangoja mgawo. Faida ya dereva imekaa kwenye viti vile viwili au vitatu vya mwisho. Akiondoka navyo vikiwa vitupu, siku hiyo amemfanyia kazi tajiri na kituo cha mafuta. Akingoja hadi vijae, wanaochelewa ni wenye mizigo.

Ndiyo maana gari dogo lililoundwa kwa watu watano huonekana barabarani na watu wanane au tisa, dereva akigawana kiti na abiria. Wanaolaani tabia hiyo wana haki, maana ajali haina mswalie. Lakini wengi wanaolaani hawajawahi kudaiwa hesabu.

Mwenye mzigo naye ana saa yake. Mama aliyenunua mahindi Juru au Rubondo ameamka usiku kuyafikisha barabarani kwa bodaboda. Gunia lina nauli yake na kulipakia kuna malipo yake. Mjini anakutana na dalali, mzani na mnunuzi anayetaka lumbesa. Akifika mapema anaweza kubishana bei. Akifika saa saba mchana, soko limeshajaa na mnunuzi anajua kwamba huyu hawezi kurudi na gunia. Mwenye samaki wa ziwani yumo katika hali mbaya zaidi, kwa sababu samaki hangoji kiti cha mwisho.

Halafu kuna karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda anakotaka ndani ya nchi, kwa mipaka iliyowekwa. Hata hivyo, mzoefu wa njia hii hatoki bila kitambulisho, na akiweza, hupata kwanza barua ya ruhusa kutoka ofisi ya makazi. Kwenye kizuizi, anayeeleza haki zake bila karatasi hutumia muda mrefu kuliko anayeitoa mfukoni, na gari lote linamngoja.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huja na mateso mengine. Nje ya lami, udongo unakuwa uji. Gari likizama, abiria wanashuka, wanaume wanasukuma, na turubai linafunika mahindi kabla ya watu. Kiangazi ni vumbi: kikohozi, macho mekundu, na kitambaa mdomoni kutwa nzima.

Mambo mengine watu huona haya kuyasema. Choo, kwa mfano. Mwanamume hujisitiri nyuma ya migomba. Mwanamke hujizuia kunywa maji tangu alfajiri ili asiombe gari lisimame. Mama anayenyonyesha hubeba mtoto pamoja na gunia, au humwacha kwa jirani na kurudi usiku titi likiuma. Akikosa gari la jioni, gesti inakula faida yote. Bora alale juu ya mizigo yake kwenye baraza ya duka, fedha zimefungwa ndani ya nguo. Huduma ya fedha kwa simu imepunguza hofu hiyo, ila si kila mnunuzi anakubali kulipa kwa simu.

Mbona basi wasibaki nyumbani? Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, na hadi asilimia 60 mwezi Februari 2021. Mwaka 2023 familia ziligawanywa kwa makundi ya uhitaji, na zile zilizohesabiwa kuwa zinajitegemea zikaondolewa. Mei 2025 watu wapatao milioni moja walikatiwa msaada huo nchini kote kwa uhaba wa fedha. Barabara ikajaa watu wasiokuwa na mtaji wa kungojea.

Mjini Mbarara njia hii ndogo inakutana na kubwa, ile inayopitisha malori ya Mombasa yaendayo Rwanda. Utingo wa lori na mama wa mahindi hula wali na maharage kwenye benchi moja, na malalamiko yao yanafanana. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, malori na wachuuzi wa Katuna walingoja hadi mwaka 2022. Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva walikaa siku kadhaa kwenye foleni ya vipimo Malaba. Teksi nazo zilisimamishwa nchini mwezi Machi, na ziliporuhusiwa Juni, wilaya za mpakani ziliachwa zikisubiri zaidi. Mkopo wa mtaji haukusimama siku hata moja.

Kwa wanaofikiria kuhamia upande wa Kikagati na kuvuka Mto Kagera hadi Murongo, lami ya kutoka Mbarara imefika huko na safari imekuwa nyepesi. Siku moja ya ziada ya chakula na malazi bado inafaa kuhesabiwa ndani ya bei.

Saa kumi na mbili jioni, kwenye paki ya Mbarara, konda anaita tena, safari hii ni Nakivale. Robota za vitenge zimefungwa pale yalipokuwa magunia. Simu ya dereva inaita, ni tajiri. Ndani wamekaa abiria 12.