Mfalme Mkristo Aliyevaa Joho la Kiarabu

Mwezi wa Mfungo Mosi, mwaka 548 Hijria, sawa na Januari 1154, Sharifu mmoja wa Kimaghribi aliweka kalamu yake chini mjini Palermo, katika kisiwa cha Sisilia. Kitabu alichokimaliza kilikuwa kimemchukua miaka kama 15. Ndani yake imo miji ya pwani yetu. Iko Malindi, ambako alipata habari kuwa watu wana machimbo ya chuma na kwamba chuma ndiyo biashara yao kubwa. Iko na Mombasa, ambayo yeye aliiandika Manbasa, akasema kuwa ni mji mdogo na ndiko akaako mfalme wa Wazanji.

Mwandishi huyo, Abu Abdillah Muhammad al-Idrisi, hakupata kufika huku. Na aliyemwagiza kazi hiyo hakuwa sultani wala khalifa. Alikuwa mfalme Mkristo, Roger wa Pili, wa kabila la Wanormani.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, ndani ya Ramadhani ya mwaka huo huo, mfalme huyo huyo aliamuru mtumishi wake achomwe moto kwa kosa la kuwa Mwislamu kwa siri. Nataka leo tuyatazame mambo haya mawili pamoja, maana yalitoka katika kasri moja.

Yampasa msomaji ajue kwanza Wanormani ni watu gani. Asili yao ni mabaharia wanyang'anyi wa kaskazini ya Ulaya, waliolowea Ufaransa. Wengine wao waliiteka Uingereza mwaka 1066. Wengine walikwenda kuuza upanga wao kusini mwa Italia, na huko wakaona ng'ambo kisiwa chenye neema. Waislamu walikuwa wameshuka Sisilia mwaka 827, na Palermo ilikuwa mikononi mwao tangu 831. Lakini maamiri wao waligombana wao kwa wao, kama yalivyo mambo ya ndugu, na Wanormani wakapata mlango. Palermo ilianguka mwaka 1072, na kisiwa kizima mwaka 1091.

Aliyekiteka ni Roger wa Kwanza. Mwanawe, huyu tunayemzungumza, alizaliwa Desemba 1095 na akafiwa na baba akiwa mtoto wa miaka mitano. Mama yake, Adelaide, ndiye aliyeshika utawala mpaka kijana alipobaleghe. Ipo hati ya mama huyo ya mwaka 1109, iliyoandikwa kwa Kiyunani na Kiarabu, nayo ni katika hati za zamani kabisa za karatasi zilizosalia Ulaya. Ufundi wa karatasi, bila shaka, Wazungu waliupata kwa Waislamu.

Roger alivikwa taji Palermo siku ya Krismasi, 1130. Papa aliyempa ufalme huo alikuwa na mpinzani wake, Innocent wa Pili, naye alimpinga Roger kwa miaka hata mwaka 1139 akatoka mwenyewe na jeshi kupigana naye. Lakini wapi! Papa alitekwa, na hakuachiliwa mpaka alipomkubali Roger kuwa mfalme.

Basi, mfalme huyo ungalimwona barazani pake ungalidhani umefika Kairo. Joho lake la hariri nyekundu, lililofumwa Palermo mwaka 528 Hijria, lina simba wawili wanaoangusha ngamia, na ukingoni limezungushiwa maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kufi. Joho hilo limehifadhiwa Vienna. Sarafu zake za dhahabu zilikuwa na Kiarabu, na lakabu yake ilikuwa al-Mu'tazz Billahi. Dari ya kanisa la kasri lake ilichongwa kwa ufundi wa Kiislamu. Mkuu wa manowari zake, Mkristo wa Kiyunani aitwaye George wa Antiokia, alikuwa na cheo cha amiri. Na kutokana na neno hilo Wazungu wakapata "admirali" wao.

Mwanahistoria Ibn al-Athir asimulia kuwa siku moja Roger aliletewa habari kwamba watu wake wameshambulia Tripoli ya Maghribi na kurudi na ngawira. Kando yake alikaa mwanachuoni Mwislamu aliyemheshimu sana. Mfalme akamtania: Muhammad alikuwa wapi siku hiyo? Mzee akajibu kuwa Mtume (S.A.W.) hakuwepo huko kwa sababu alihudhuria kutekwa kwa Edessa. Wakristo barazani wakaangua kicheko. Roger akawakataza, akisema mtu huyu hasemi ila kweli. Baada ya siku chache habari ikafika: Waislamu wameuteka mji wa Edessa.

Al-Idrisi naye alipewa heshima kubwa. As-Safadi, aliyefariki 1363, ameandika kuwa mfalme alikuwa akiinuka kumlaki, na kwamba alimwambia kuwa kwa nasaba yake tukufu wafalme wa Kiislamu wangemwinda wamuue, ila kwake atasalimika. Wasafiri walihojiwa, maneno yao yakalinganishwa, yaliyoafikiana yakashikwa. Kisha ulimwengu ukachorwa juu ya duara la madini ya fedha lenye uzito wa ratili 400 za Kirumi. Kitabu kikafuata, na ramani 70.

Lakini tusighurike na joho. Waislamu wa Sisilia walikuwa wakimlipa Roger jizya, kodi ile ile ambayo zamani Wakristo waliwalipa wao. Na mwaka 1148 manowari zake ziliteka Mahdia, wakati pwani yote ya Ifrikiya imedhoofishwa na njaa.

Mwaka 1153 alimtuma Filipo wa Mahdia, towashi aliyelelewa kasrini, akauteke mji wa Bona. Filipo aliuteka, lakini aliwaacha maulamaa na watu wema wa mji watoke na jamaa zao na mali zao. Aliporudi alishitakiwa. Wakristo waliandika kuwa alikuwa akienda msikitini kwa siri, akitoa mafuta ya taa, na kupeleka sadaka kwenye kaburi la Mtume Madina. Akachomwa mbele ya kasri. Ibn al-Athir asema huo ndio udhaifu wa kwanza uliowashukia Waislamu wa kisiwa hicho.

Kwa nini Roger alikubali? Mimi naona alikuwa mgonjwa, na mabwana Wakristo walichoka kuona matowashi wa kasri wakipita mbele yao. Alifariki tarehe 26 Februari 1154, wiki chache tu baada ya kitabu kukamilika. Mwaka 1161, chini ya mwanawe, William, Waislamu wa Palermo waliuawa kwa wingi na kasri likaporwa. Na mjukuu wa Roger, Frederick wa Pili, ndiye aliyewahamisha Waislamu waliobaki, akawapeleka Lucera, bara ya Italia. Mji huo nao ukavunjwa mwaka 1300.

Lile duara la fedha halikusalia. Kitabu kipo, nakala zake zimo Paris, Oxford na Istanbul. Katika ramani zake kusini iko juu, hivyo nchi ya Wazanji imekaa kileleni na Ulaya chini. Waarabu wenyewe wamezoea kukiita Kitabu cha Rujar, kwa jina la mfalme.